Simu Kitandani, Wasiwasi Jikoni: Somo Kuhusu OCD, Mitandao ya Kijamii na Usingizi

Ni saa saba usiku. Mama mmoja mwenye duka la rejareja na watoto watatu ameamka mara ya sita kwenda jikoni kuangalia kama jiko la gesi limezimwa. Limezimwa. Alilizima mwenyewe saa mbili, baada ya kusonga ugali. Anakigusa kifungio cha mtungi, anakizungusha upande wa kufunga mpaka kidole kinauma, ananusa hewa, kisha anatoa simu na kupiga picha. Akirudi kitandani ataitazama picha hiyo ili ajithibitishie kwamba mtungi umefungwa. Simu tayari ina picha kumi na nne za mtungi huo huo, zote za usiku huo mmoja.

"Baba watoto, una hakika gesi nimeifunga?"

"Umeifunga, mama. Nimekwambia mara nne. Lala."

Analala chali, anafungua simu tena.

Huu ni mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili, si habari ya mkazi fulani. Hali yenyewe hata hivyo ni ya kweli, ina jina katika vitabu vya tiba, na ina matibabu. Pia ina uhusiano na jambo ambalo mama huyo alikuwa akilifanya kabla ya safari yake ya kwanza jikoni. Alikuwa akitazama video fupi fupi kwenye simu, na mojawapo ilionyesha ule moto mkubwa wa gesi uliotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Aliitazama mpaka mwisho. Mtandao ukaona kwamba ameitazama mpaka mwisho, ukamletea nyingine ya mtungi uliolipuka, kisha nyingine.

Wasiwasi wa kila mtu, na wasiwasi ulio ugonjwa

Wahenga walisema wasiwasi ndio akili. Mtu anayekagua kufuli la duka kabla ya kwenda nyumbani hana ugonjwa wowote. Na wazo baya likimpitia mtu kichwani ghafla, mathalani kwamba huenda akamsukuma mtu aliyesimama kando ya barabara, hilo pia si ugonjwa. Mwaka 1978 watafiti Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wasio wagonjwa kama huwa wanapata mawazo ya ghafla ya kutisha, ya aibu au ya kufuru. Wengi walikubali kwamba huyapata, na maudhui yake hayakutofautiana sana na yale ya wagonjwa. Tofauti ilikuwa katika mara ngapi wazo linarudi, linaumiza kiasi gani, na ni vigumu kiasi gani kuliacha lipite.

OCD ni ugonjwa wenye sehemu mbili. Ya kwanza ni mawazo, picha au msukumo unaorudi rudi bila mtu kutaka na kumtia hofu: gesi itavuja, mikono ina vijidudu, nimemgonga mtu barabarani bila kujua, sala yangu haikukubaliwa. Ya pili ni vitendo ambavyo mtu anahisi lazima avifanye ili hofu ishuke: kukagua, kunawa, kuhesabu, kupanga vitu, kurudia maombi, kuuliza swali lile lile. Vitendo vingine hufanyika kimoyomoyo, na jamaa hawavioni kabisa. Mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na madaktari wa Marekani unatoa kipimo kimoja rahisi kukumbuka: mambo haya yanapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanapoharibu kazi, masomo au maisha ya nyumbani, ni wakati wa kufikiria ugonjwa.

Tafiti za nchi mbalimbali hukadiria kwamba kati ya mtu 1 na 3 katika kila watu 100 huupata wakati fulani maishani. Katika kijiji chenye watu wazima 1,000, hao ni watu 10 hadi 30. Mara nyingi dalili huanza kabla ya umri wa miaka 25, na kwa baadhi huanza wakiwa bado shule ya msingi.

Si ugonjwa mgeni kwetu, wala haukuletwa na simu. Neno lenyewe wasiwasi lilitoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya minong'ono ya ndani isiyokoma, na katika Pwani watu wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba fulani ana wasiwasi wa udhu, yaani anatawadha na kutawadha tena asiridhike. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alieleza mawazo sumbufu ya aina hiyo katika kitabu chake kuhusu afya ya mwili na nafsi, na madaktari wa siku hizi wanaosoma maelezo yake wanautambua ugonjwa huu huu. Hivyo anayesema kwamba OCD ni maradhi ya wazungu au ya vijana wa TikTok amekosea kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kuna kosa jingine linalosambaa mitandaoni. Mtu anapanga vikombe vyake kwa rangi, anapiga picha, anaandika kwamba "OCD yangu imenishika leo". Kupenda usafi na mpangilio ni tabia, tena nzuri. Mwenye OCD hafurahii kupanga. Anaogopa kitakachotokea asipopanga.

Kwa nini picha ya kumi na nne haisaidii

Swali ambalo jamaa huuliza ni hili: ikiwa ameshaona kwa macho yake kwamba gesi imefungwa, kwa nini haamini?

Jibu lilipatikana Uholanzi mwaka 2003. Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwapa watu wenye afya kazi ya kuwasha, kuzima na kukagua jiko la gesi lililochorwa kwenye kompyuta. Kundi moja lilirudia ukaguzi huo mara nyingi, na jingine lilikagua kitu tofauti. Mwishoni wote waliulizwa kuhusu ukaguzi wa mwisho wa jiko. Waliokagua mara nyingi walikumbuka vyema tu, sawa na wenzao. Kilichoshuka ni imani yao katika kumbukumbu hiyo. Walisema picha kichwani ni hafifu, haina maelezo, hawana hakika nayo. Watafiti wa Montreal, Kanada, walirudia jaribio kwa jiko halisi la jikoni, na matokeo yakaelekea upande huo huo.

Watu hao hawakuwa wagonjwa. Kukagua kwenyewe ndiko kulikowaondolea hakika, kwa sababu safari ya kwanza jikoni ina alama zake, sauti ya kifungio, harufu ya sabuni, paka aliyekuwa mlangoni, lakini safari ya kumi inafanana na ya tisa, na akili haiwezi tena kuzitenganisha. Kwa hiyo yule mama akikagua mara moja ana hakika zaidi kuliko akikagua mara sita. Picha za simu zinafanya vivyo hivyo. Baada ya picha ya tano anaanza kujiuliza: hii ni ya leo, au ya jana?

Hapa ndipo mzunguko unapojifunga. Wazo linaleta hofu, kitendo kinaishusha hofu kwa dakika chache, na utulivu huo mfupi unaufundisha ubongo kwamba hatari ilikuwa ya kweli na kitendo ndicho kilichoizuia. Kesho hofu inarudi na kudai kitendo hicho tena, pengine mara mbili.

Simu inaingia vipi

Mitandao ya kijamii haikuundwa ili kuwatesa wagonjwa. Iliundwa ili mtu asiondoke. Ukurasa usio na mwisho, ambao kidole kinaweza kuuteleza usiku kucha bila kufika chini, ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, na yeye mwenyewe baadaye alieleza hadharani majuto yake juu ya ubunifu huo. Video inayofuata hujianzisha yenyewe. Kinachochaguliwa kuonyeshwa hutegemea kile mtazamaji alichokaa nacho muda mrefu, na mfumo hauwezi kutofautisha anayekaa na video kwa kuipenda na anayekaa nayo kwa kuiogopa. Mwenye hofu ya gesi hupewa gesi. Mwenye hofu ya saratani hupewa wagonjwa wa saratani. Mzazi mchanga anayeogopa kumdhuru mwanawe hupewa habari za watoto waliodhuriwa.

Njia nyingine ni ndogo ndogo na za kila siku. Alama mbili za samawati katika WhatsApp, zilizoanza mwaka 2014 kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa, zimempa mwenye tabia ya kukagua kitu kipya cha kukagua. Amesoma, mbona hajajibu? Nilisema neno baya? Anarudi juu kusoma alichoandika, mara tano, mara kumi. Kuna anayefungua historia ya M-Pesa tena na tena kuhakikisha pesa za chama zilifika kwenye nambari sahihi, ingawa ujumbe wa uthibitisho upo na mwenyekiti ameshashukuru.

Kisha zipo zile jumbe za mnyororo ambazo kila kundi la familia linazijua: tuma sala hii kwa watu kumi kabla ya usiku wa manane, na usipotuma utapata msiba. Wengi huzicheka au huzipuuza, na wengine huzituma ili tu kuondoa shaka. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake umejengwa juu ya imani kwamba asipofanya kitendo fulani mpendwa wake atakufa, na kwamba kosa litakuwa lake, ujumbe huo ni kama kumpa moto mwenye petroli mkononi. Anayeutuma kwa shangazi yake hajui hilo. Afadhali ujumbe wa aina hiyo ufutwe tu, na makundi ya familia yakubaliane hivyo.

Njia kubwa kuliko zote ni ya kutafuta kuhakikishiwa. Zamani mtu angemuuliza mumewe, kisha dada yake, kisha jirani, na hapo watu wa kuulizwa wangekwisha. Simu haina mwisho wa watu wa kuulizwa. Saa nane usiku bado inajibu. Ukiandika "dalili za kuvuja kwa gesi" utapata majibu mia, na katika hayo mia litakuwepo moja linalosema kwamba hata mtungi uliofungwa unaweza kuvuja. Hilo moja ndilo litakalokaa kichwani mpaka asubuhi.

Taasisi za umma nazo zina la kujifunza hapa. Baada ya kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kutangazwa tarehe 13 Machi 2020, Wizara ya Afya na serikali za kaunti zilihimiza kila saa kunawa mikono, na zilikuwa sahihi. Lakini kwa mtu ambaye tayari alikuwa akinawa mpaka ngozi inapasuka, sauti ya redio na sauti ya ugonjwa zilisema kitu kimoja. Tangazo zuri la afya husema pia lini inatosha: sabuni, sekunde 20, suuza, umemaliza.

Usingizi unaoibwa

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Wanafunzi wengi wa shule za bweni hukaa muhula mzima bila simu kisha huja likizo wakiwa na kiu nayo, na ndani ya wiki moja usiku wao umekuwa mchana.

Watu wamesikia sana kuhusu mwanga wa simu. Ni kweli kwamba mwanga wenye rangi ya samawati huzuia melatonini, kemikali ambayo ubongo huitoa giza likiingia ili kuuambia mwili ni usiku. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu 12 huko Boston, Marekani, walisoma kwenye kifaa chenye mwanga kabla ya kulala kwa siku kadhaa, na siku nyingine wakasoma kitabu cha karatasi. Walipotumia kifaa, melatonini yao ilishuka kwa zaidi ya nusu, saa ya mwili ikasogea mbele kwa saa moja na nusu, na walichelewa kulala kwa takriban dakika 10.

Dakika 10. Wanaouza miwani ya kuchuja mwanga hawaitaji sana takwimu hiyo. Mwanga una athari, lakini haumweki mtu macho mpaka saa tisa. Kinachomweka ni yale anayoyaona na muda anaoutumia. Na hapa kwetu kuna sababu nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya ng'ambo: bando la bei nafuu linalodumu saa moja tu, au linaloisha usiku wa manane. Mtu amelipa shilingi zake, hataki zipotee, hivyo anaendelea kutazama hata macho yakimwasha.

Kwa mwenye OCD usiku mfupi una gharama ya ziada. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliwafundisha watu kuzuia kumbukumbu zisizotakiwa zisije akilini. Nusu walilala usiku, wengine walikeshwa. Waliokeshwa walivamiwa na mawazo hayo kwa karibu asilimia 50 zaidi ya waliolala, na kadiri jaribio lilivyoendelea hawakupata nafuu kama wenzao. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayofanya kazi ya kusema "achana na hilo", huchoka mapema mtu asipolala. Huko New York, Meredith Coles wa Chuo Kikuu cha Binghamton na wenzake wamekuwa wakichunguza wenye OCD wanaochelewa kulala, na wameona kwamba kuchelewa huko huenda pamoja na kuhisi kwamba mawazo sumbufu hayadhibitiki.

Kwa hiyo mambo matatu yanashikana mikono. Simu inaleta cha kuogopa na kuchelewesha usingizi. Usingizi mchache unapunguza nguvu ya kuliachilia wazo. Wazo lisiloachiliwa linamwamsha mtu kwenda jikoni, na akirudi, kwa kuwa usingizi umekata, anachukua simu.

Je, mitandao ndiyo inayosababisha OCD? Hapana, haifai kusema hivyo. Ugonjwa huu una chembe za urithi ndani yake, na ulikuwepo kabla ya umeme. Tafiti nyingi za mitandao hupima matumizi na dalili kwa siku moja, kwa hiyo haziwezi kuonyesha kipi kilitangulia. Inawezekana kabisa kwamba mwenye wasiwasi ndiye anayekimbilia simu kwa sababu hawezi kulala. Lakini kuna ushahidi kwamba kupunguza kunasaidia hali ya moyo kwa jumla. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kiliwagawa wanafunzi 143 katika makundi mawili. Kundi moja liliwekewa kikomo cha dakika 30 kwa siku katika mitandao mitatu kwa wiki tatu. Upweke na dalili za sonona vilipungua katika kundi hilo kuliko katika lile lililoendelea kama kawaida. Utafiti huo haukupima OCD, na hakuna haja ya kuusemesha zaidi ya ulichosema.

Matibabu yapo

Mwaka 1966 daktari wa saikolojia Victor Meyer, huko London, alijaribu jambo lililoonekana la kikatili: aliwasaidia wagonjwa wa kunawa waguse wanachokiogopa, kisha wasinawe. Hofu ilipanda, ikakaa, kisha ikashuka yenyewe bila maji wala sabuni. Kutokana na kazi hiyo kulizaliwa tiba ambayo hadi leo ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi: kukabili hofu hatua kwa hatua, pamoja na mtaalamu, bila kufanya kile kitendo cha kuituliza. Haianzi na kilicho kigumu zaidi. Mgonjwa wa gesi anaweza kuanza kwa kukagua mara tatu badala ya sita, bila picha, na kukaa na hofu hiyo dakika kadhaa mpaka ipoe.

Dawa pia zipo. Zinazotumika zaidi ni zile zile za sonona kama fluoxetine na sertraline, na kwa OCD huchukua muda mrefu kuonyesha kazi, mara nyingi wiki 8 hadi 12. Wengi huziacha wiki ya tatu wakidhani hazifai. Asiziache mtu, wala asizianze, bila kuzungumza na daktari.

Jambo moja huwafanya wagonjwa wakae kimya kwa miaka: aibu ya mawazo yenyewe. Mama anayepata picha kichwani ya kumdondosha mtoto wake huogopa kwamba akisema atanyang'anywa mtoto. Katika OCD wazo hilo linamtisha kwa sababu ni kinyume cha anachokitaka, na wahudumu wa afya ya akili wanalifahamu jambo hilo vizuri. Ni tofauti na mtu anayetamani kufa au anayepanga kudhuru, na huyo apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana.

Nyumbani, wiki hii

Simu ilale sebuleni. Ushauri huu unarudiwa kila mahali na watu wachache huufuata, kwa sababu simu ndiyo saa ya kuamkia. Saa ndogo ya mezani inamaliza hoja hiyo. Kwa familia inayoishi chumba kimoja, simu iwekwe juu ya kabati, mbali na mkono, ikiwa imezimwa data. Mwendesha boda boda au muuguzi wa zamu hawezi kuzima simu, na hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Anaweza kuacha sauti ya simu za kupigwa tu na kunyamazisha makundi na taarifa nyingine zote.

Kuna mipangilio inayofaa kubadilishwa mara moja na kusahauliwa: video kujianzisha zenyewe, alama za samawati, muda wa "kuonekana mwisho". Video inayotisha ikitokea, mtu aibonyeze na kuchagua kwamba hataki kuona za aina hiyo, au aipite haraka, kwa maana kukaa nayo ndiko kunakoziita nyingine. Ahueni kubwa hata hivyo hutokana na saa moja ya mwisho kabla ya kulala kuwa bila skrini kabisa. Na asubuhi, kutoka nje mapema. Kenya iko kwenye ikweta, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mwanga huo wa bure ndio unaorekebisha saa ya mwili kuliko kitu kingine chochote.

Gesi ni hatari ya kweli, na hakuna anayeombwa aache kuifunga. Ifungwe mara moja, kwa macho yaliyotulia, huku mtu akijisemea kwa sauti: nimefunga, ni Jumanne, nimevaa kanga ya bluu. Alama hizo ndogo hulitofautisha tendo la leo na la jana. Kisha asirudi. Picha za mtungi zifutwe.

Jamaa wana kazi ngumu kidogo. Kila mara baba anapojibu "umeifunga", anampa mkewe dakika mbili za nafuu na usiku mrefu zaidi kesho. Lakini kunyamaza ghafla au kufoka ni ukatili, na haumsaidii mtu. Wakubaliane mchana, si usiku wa manane, kwamba swali litajibiwa mara moja, na likirudi atasema: "Najua ni wasiwasi unaouliza, mama watoto. Nipo hapa. Tukae nao." Mtoto anayenawa au kurudia kuandika asipigwe wala kuitwa mkaidi. Kipigo hakijawahi kutibu ugonjwa huu.

Pa kuanzia

Afya ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010, na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazitaka serikali za kaunti kutoa huduma hizo karibu na wananchi. Mkazi anaweza kuanza kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kutoka hapo akaelekezwa kwa kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti ndogo au ya rufaa. Aliye mbali, au anayehitaji mtu wa kuzungumza naye kwanza, anaweza kupiga 1199, nambari ya bila malipo ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Kwa mtoto, nambari ni 116, pia bila malipo.

Kabla ya kwenda kliniki, mgonjwa aandike kwenye daftari kwa siku saba: saa aliyoweka simu chini, saa anayodhani alilala, mara ngapi aliamka kukagua au kunawa, na saa aliyoamka asubuhi. Aandike asubuhi, si usiku, na kwa makadirio tu. Ikiwa ataanza kulirudia daftari kuhakikisha nambari ni sahihi, aandike hilo pia. Mhudumu atahitaji kulijua.